Twisheni, kitabu cha mazoezi, simu au wewe mwenyewe: nani akae na mtoto wa Darasa la Pili jioni?

Mwezi wa tatu mwanangu wa mwisho, aliye Darasa la Pili, alirudi na daftari la hesabu limejaa wino mwekundu. Amepata mbili kwa kumi. Nikachukua swali la kwanza, 52 – 17. Yeye kaandika 45. Sikumwambia amekosea, maana hilo mwalimu alikwishamwambia. Nikasema, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Akaweka kidole kwenye saba, akakipandisha kwenye mbili: "Saba toa mbili, tano." Akahamia kushoto: "Tano toa moja, nne." Arobaini na tano. Akanitazama akisubiri.

Tukapitia maswali yote kumi kwa mtindo huo. Mtoto hakuwa anabahatisha hata kidogo. Alikuwa na kanuni yake moja, kubwa toa ndogo, na ameifuata kwa uaminifu tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Yale mawili aliyopata ni yale ambayo tarakimu ya juu ndiyo kubwa, kwa hiyo hayakuhitaji kuazima. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mimi na baba yake tulikuwa tumejadiliana mpaka tukachoka: tumpeleke twisheni, tumnunulie kitabu cha mazoezi, au tumwachie simu nusu saa ajifunze kwa katuni? Tulikuwa tunachagua dawa na ugonjwa hatujauona.

Nina watoto watatu, na njia zote hizo nimezipitia, nyingine kwa hasara. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye mwanawe yuko kati ya Darasa la Kwanza na la Nne, ambaye jioni yake ni fupi na mfuko wake unajulikana.

Anachojifunza darasani, na anapokwama

Hapa Tanzania mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliwekewa mkazo kwenye KKK kuanzia 2015: kusoma, kuandika, kuhesabu. Darasa la Pili kuna upimaji wa KKK, na Darasa la Nne kuna upimaji wa kitaifa. Sera ya elimu katika toleo lake la 2023 imepunguza pia shule ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Mtoto anayeingia Darasa la Tatu akiwa bado anahangaika na silabi ana muda mfupi kuliko tuliokuwa nao sisi wa kuwafikia wenzake, na masomo mapya yote yanamjia kwa maandishi. Swali la sayansi anakosa kwa sababu hakulisoma. Ukimsomea wewe, analijibu.

Hizo K tatu hazifanani tabia. Kusoma kunataka sikio la mtu. Kuandika kunataka mkono wa mtoto mwenyewe na mtu wa kumsomea imla. Kuhesabu kuna sehemu mbili: kuna kuelewa, ambako kunataka vitu vya kushika na mtu wa kuuliza "umefanyaje?", na kuna wepesi, kama ule wa tebo, ambao huja kwa kurudia tu. Kwenye wepesi hata wimbo unatosha. Mzazi akilichanganya hili, atalipia njia nzuri kwa shida isiyo yake.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, mpime mwenyewe. Chukua karatasi, andika silabi kumi, chini yake maneno kumi, kisha aya ya sentensi nne, kisha kihadithi cha nusu ukurasa. Ngazi hizi, silabi, neno, aya, hadithi, ndizo zilizotumika kwa Kiswahili katika tathmini za Uwezo, zilizofanyika kaya kwa kaya Tanzania na Kenya kwa kiwango cha Darasa la Pili. Mahali sauti yake inapoanza kukwama ndipo mazoezi yaanzie, hata kama sare yake ni ya Darasa la Nne.

Angalizo kwenye silabi. Usimwandikie ba, be, bi, bo, bu kwa mpangilio. Huo ni wimbo, anauimba tangu awali. Mwandikie zilizoruka: bo, ki, mbu, nya, tho, gwa, she. Utaona watoto ambao ukiwagusia "bo" wanarudi nyuma wanaanza "ba, be, bi…" kimoyomoyo, wakihesabu kwa vidole mpaka waifikie. Huyo silabi bado hajaijua. Na usimpime kwa kitabu cha shule, kwa sababu ukurasa ule ameshausikia ukisomwa na darasa zima mara ishirini, ameukariri pamoja na picha zake.

Twisheni

Mwanangu wa kwanza nilimpeleka twisheni ya mtaani akiwa Darasa la Pili. Ilikuwa buku kwa siku. Siku 20 za shule ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, na kwa nyumba yenye watoto watatu hiyo ni hela ya kula. Nililipa bila kinyongo kwa sababu daftari lilikuwa linajaa. Mwandiko mzuri, tarehe imeandikwa, kila ukurasa una vema za mwalimu.

Jioni moja nikatoka kazini mapema nikaenda kumchukua mwenyewe. Barazani kulikuwa na watoto wa Darasa la Kwanza mpaka la Tano wamekaa pamoja, ubao mmoja, mwalimu kijana mmoja. Wangu alikuwa ananakili. Mwalimu ameandika ubaoni aya pamoja na maswali na majibu yake, watoto wanahamishia kwenye daftari. Tulipofika nyumbani nikampa paketi ya majani ya chai, nikamwambia anisomee maelezo ya nyuma. Akasoma "chai", akanyamaza. Miezi tisa ya madaftari yaliyojaa, na alichokuwa amejifunza ni kuchora herufi vizuri.

Kijana yule simlaumu. Alikuwa na watoto zaidi ya ishirini wa madarasa matano na saa moja na nusu ya mwanga wa jua. Hakuna mtu anayeweza kumsikiliza kila mmoja akisoma katika hali hiyo. Kosa lilikuwa langu, kwamba nilipima twisheni kwa wingi wa kurasa.

Twisheni ina nyumba zake inazozifaa, na ninazisema kwa moyo mweupe. Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku hana jioni ya kumpa mtoto. Twisheni inampa mtoto mahali pa kukaa, wenzake, na mtu mzima wa kumwangalia. Mtoto wa Darasa la Nne anayejiandaa na upimaji, ambaye tayari anasoma vizuri, hufaidika kwa kupitia maswali pamoja na wengine. Na mwalimu anayekuja nyumbani kukaa na mtoto mmoja, au wawili watatu wa ngazi moja, huyo ni jambo jingine kabisa. Bei yake iko juu, lakini kwa mtoto aliyekwama kwenye silabi mwezi mmoja au miwili ya mwalimu wa namna hiyo unazidi mwaka wa barazani.

Ukitaka kujua twisheni uliyonayo ni ya aina gani, nenda pale bila kutoa taarifa, ukae dakika kumi. Sikiliza kama kuna mtoto anasoma peke yake kwa sauti, mwalimu akimsikiliza. Kisha usiku ufungue daftari, umwombe mtoto akusomee alichoandika leo. Akishindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe, amenakili. Angalia na makosa pia: daftari la mtoto wa Darasa la Pili lenye vema tupu, bila kosa hata moja kwa wiki tatu, linatakiwa likutie wasiwasi.

Kuhusu twisheni za likizo, wenzetu wa Kenya wana msimamo wa kisheria. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kuwekwa kwenye masomo ya ziada wakati wa likizo. Mimi naungana nao. Mtoto wa miaka minane aliyeamka saa kumi na moja kwa miezi mitatu kuwahi shule anahitaji kulala, kwenda kwa bibi, kucheza rede na mpira.

Kitabu cha mazoezi cha steshenari

Hapa sitakaa sana. Kitabu cha mazoezi ni kizuri kwa mtoto aliyeelewa na anayehitaji kurudia ili apate wepesi. Kwa asiyeelewa kina madhara. Fikiria mwanangu na kanuni yake ya kubwa toa ndogo: ningempa kitabu chenye maswali arobaini ya kutoa, angeyafanya yote arobaini kwa kosa lilelile, na siku ya kuling'oa ningekuta limeota mizizi.

Ukinunua, fungua katikati, usiishie kwenye jalada. Angalia kama kimefuata mtaala ulioanza kutumika 2024, maana vya zamani bado vimejaa rafuni. Majibu ya nyuma yakate uyahifadhi wewe. Na kwa kweli, kwa Darasa la Kwanza na la Pili, maswali matano unayoandika mwenyewe kwenye daftari kwa kuangalia alichokosea leo yanakipita kitabu chochote, na hayana bei.

Simu na televisheni

Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Miezi ile mitatu na zaidi mwanangu wa pili, aliyekuwa Darasa la Kwanza, alisomeshwa na televisheni na simu yangu. Kwa hiyo njia hii naijua mazuri yake na mapungufu yake.

Kwa hesabu za wepesi ilimsaidia sana. Ubongo Kids, katuni za Kitanzania zilizoanza kurushwa 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili safi, na wadogo zaidi wana Akili and Me. Alijifunza kuhesabu kwa tano tano kwa kuimba akiwa anaosha vyombo, na tebo ya mbili na ya tano hajaisahau mpaka leo.

Kwenye kusoma nikagundua kitu kingine. Kulikuwa na programu kwenye simu inayoonyesha neno na picha nne, mtoto anagusa picha inayolingana. Alikuwa anapata nyota karibu zote. Siku moja nikaweka dole gumba juu ya picha, nikaacha neno peke yake: "paka". Akaniangalia. Nikaweka "pika". Hakuona tofauti. Alikuwa amezoea kuangalia herufi ya kwanza, kisha kutafuta picha ya kitu kinachoanza na "p". Simu ilimpa nyota kwa sababu simu inaona kidole, haisikii mdomo.

Tangu hapo simu naitumia kama kabati la vitabu. Nyumba zetu nyingi hazina hata kitabu kimoja cha hadithi, na hapo ndipo simu inapofaa kweli. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomeka bure, kwa hiyo hata kama shuleni watoto watano wanachangia kitabu kimoja, nyumbani ukurasa uleule unaupata. African Storybook nao wana hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili, za bure, zimepangwa kwa ngazi, nyingine zina sentensi moja tu kwa ukurasa. Napakua hadithi tatu nne siku nina bando, nazima data, kisha simu naishika mimi na mtoto anasoma. Tofauti ya simu iliyo mkononi mwa mtoto peke yake na simu iliyo mkononi mwako mkiwa mmekaa pamoja ni kubwa mno.

Wewe mwenyewe

Njia hii watu huiacha kwa sababu mbili: "sina muda" na "mimi si mwalimu". Muda unaohitajika ni dakika kumi na tano, kumi za kusoma na tano za imla au hesabu. Na kuhusu kuwa mwalimu, mtoto ana mwalimu tayari, ambaye ana darasa la watoto wengi na hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Anachokosa mtoto ni msikilizaji.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Mtoto anakaa ubavuni mwangu, siyo mbele yangu. Kitabu anakishika yeye, kidole chake kinatembea chini ya maneno. Juzi sentensi ilikuwa "Ng'ombe wa babu amekunywa maji kisimani". Akasoma neno la kwanza kama mtu anayesema "ngoma". Sikumtajia. Nikahesabu moyoni mpaka tano. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mzazi, kunyamaza hesabu tano. Alipokwama kabisa nikafunika sehemu ya neno kwa kidole nikamwachia "ng'o" peke yake, na kile kijialama cha juu. Nikaandika pembeni: ngoma, ng'ombe, nguo, ng'oa. Akayasoma akishika pua yake, akasikia mwenyewe kwamba kwenye ng'ombe sauti yote inapita puani.

Akaendelea. "Amekunywa" ina konsonanti tatu zilizobanana, n, y, w, na hapo watoto wengi huteleza. Akasoma "amekunya", akasimama, akaangua kicheko, akarudi mwenyewe bila kuambiwa: "a-me-ku-nywa!" Kicheko kile kilinifurahisha kuliko vema kumi, kwa sababu mtoto anayecheka kosa lake anasoma kwa maana. Aliyekuwa anatamka herufi tu angepita moja kwa moja.

Baada ya kusoma namuuliza maswali mawili, moja ambalo jibu lake limeandikwa (ng'ombe alikunywa maji wapi?) na moja ambalo halijaandikwa (unadhani kwa nini walimpeleka kisimani?). La pili ndilo linalojenga ufahamu, na ndilo linaloachwa.

Mama mkwe wangu hakupata bahati ya kwenda shule. Miezi anayokaa kwetu ndiye anayemsikiliza mjukuu. Hajui herufi, lakini hadithi anazijua kuliko sisi wote, na mtoto akisoma kwa kumung'unya anamwambia, "Mjukuu wangu, hapo sijaelewa, rudia." Mtoto anarudia, safari hii kwa kituo na kwa sauti. Akimaliza bibi anauliza, "Ehe, ikawaje?" Ndani ya mwezi mmoja usomaji wake ulibadilika kiasi kwamba mwalimu wa darasa aliniuliza tumempeleka wapi. Nasema haya kwa ajili ya wazazi wanaojitoa mapema wakisema wao hawakusoma. Sikio halihitaji cheti.

Imla ni maneno matano tu, na nayachagua kutoka yale aliyoyakwaa kwenye kusoma. Hapa mzazi ajiangalie ulimi. Ukimsomea "zahabu" ataandika zahabu, na atakuwa amekusikia vizuri tu. Kwetu ambako r na l zinapishana kinywani, maneno kama kula na kura, mahali na mahari, ni lazima uyatamke kwa kituo, la sivyo unamsahihisha kosa ulilomfundisha.

Na lile 52 – 17? Nilichukua fagio kuukuu la chelewa, tukakata vijiti. Tukavifunga kumi kumi kwa uzi. Hamsini na mbili: mafungu matano na vijiti viwili. Nikamwambia, "Nipe saba." Akanyoosha mkono kuchukua, akaona viko viwili. Akakaa kimya. Mimi pia nikakaa kimya. Kisha akauliza, "Mama, naweza kufungua fungu?" Akalifungua. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Akanipa saba, akabaki na vitano, akatoa fungu moja, yakabaki matatu. Thelathini na tano. Ndipo tukarudi kwenye daftari kuandika kile kilichokwishatokea mezani, na kile "kuazima" ambacho mwalimu amekitaja wiki nzima kikapata sura. Jioni iliyofuata akafanya maswali matano kwa vijiti, ya tatu akafanya matano bila vijiti. Twisheni ya watoto ishirini isingeona fungu likifunguliwa, na kitabu cha mazoezi kisingeuliza.

Udhaifu wa njia hii ni hasira, tena ni udhaifu mkubwa. Umechoka, ugali uko jikoni, mtoto amelikosea neno lilelile mara ya nne. Mwanangu wa kwanza nilimfokea mara nyingi, mpaka ikawa nikisema "lete daftari" mikono inaanza kumtetemeka. Mtoto mwenye hofu hafikiri, anatafuta jibu la kukunyamazisha. Ukijijua una hasira ya karibu, heri buku ya twisheni kuliko wewe mezani. Au mwachie shangazi, dada yake mkubwa, bibi. Kwetu sheria ni kwamba sauti ikianza kupanda, kitabu kinafungwa, tunaendelea kesho, na hakuna anayelaumiwa. Na baada ya saa mbili usiku hatufungui daftari, hata kama kazi ya nyumbani haijaisha. Asubuhi namwandikia mwalimu ujumbe mfupi.

Jambo jingine: njia uliyofundishwa wewe inaweza isiwe ya mwalimu wake. Kabla ya kumfundisha kuzidisha kwa mtindo wako wa zamani, tazama mfano kwenye daftari la shule. Mtoto wa Darasa la Pili akipewa njia mbili kwa wakati mmoja huzichanganya zote.

Kama shule ni ya Kiingereza

Wazazi wa watoto walio kwenye shule za Kiingereza huniuliza jioni wasome lugha gani. Jibu langu ni Kiswahili kwanza, hasa Darasa la Kwanza na la Pili, na sina wasiwasi nalo. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake moja, huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto tayari anayajua maneno kwa sikio. Kwa hiyo ule ufunguo, kwamba herufi ni sauti na sauti zikiungana ni neno lenye maana, anaupata haraka, na akiupata huku anahama nao kwenda kule. Kiingereza kinampa "a" moja yenye sauti tatu nne. Mtoto wa jirani yangu alikuwa anasoma "make" kama ma-ke, na mama yake anaona ni mzito wa kichwa. Mtoto alikuwa sahihi kwa kanuni za lugha ya nyumbani. Alichohitaji ni kuambiwa kwamba lugha ya pili ina kanuni nyingine, afundishwe hizo moja moja, huku hadithi za Kiswahili zikiendelea kila jioni ili hamu isife.

Basi uchague nini?

Mtoto amekwama kwenye silabi au maneno: mtu wa kumsikiliza, ana kwa ana, kila siku. Wewe, bibi, kaka yake wa sekondari, au mwalimu wa kuja nyumbani kama mfuko unaruhusu. Twisheni ya barazani na programu za simu usizitegemee hapa kabisa.

Anasoma lakini haelewi alichosoma: hadithi nyingi na maswali, na simu kama kabati la vitabu. Anaelewa hesabu ila ni mzito: nyimbo, tebo, kitabu cha mazoezi, hata mchezo wa duka ambapo anakurudishia chenji ya elfu mbili. Haelewi hesabu: vijiti na swali la "umefanyaje?", na kitabu cha mazoezi kikae kabatini kwanza.

Kama wote wawili mnarudi usiku, lipieni twisheni yenye watoto wachache na mmwombe mwalimu kitu kimoja tu, kwamba kila siku mtoto amsomee nusu ukurasa kwa sauti. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, ni kwamba hakuna mzazi anayeomba. Kisha Jumamosi na Jumapili asubuhi mshike zamu ninyi. Mimi na baba yake tumegawana hivyo: yeye anachukua hesabu wikiendi, kwa sababu ana subira na vijiti kuliko mimi.

Jumapili iliyopita walikuwa kwenye 60 – 23, akafungua fungu bila kuuliza mtu. Kisha baba yake akamwandikia 100 – 36. Mtoto akaangalia mezani, akasema hilo linahitaji fungu kubwa la mia ambalo ndani yake kuna mafungu kumi, na yeye ana mafungu saba tu. Akachukua kisu cha jikoni akaenda uani kutafuta lile fagio, baba yake akamfuata nyuma kumnyang'anya kisu na kumsaidia kukata vijiti thelathini.